Kuku Aliyekanyaga London

Mimi kazini sitaki ubabaishaji. Mwaka 2002, nilipofungua studio yangu ya picha hapa Chapwa, karibu na mpaka, nilitaka pazia la London la kupigia picha, na London yenyewe nikaitafuta kwenye mkanda wa video: sinema ya mapenzi ya Waingereza, watu wanagombana kwenye mvua halafu wanaoana. Niliusimamisha ule mkanda mpaka mwenye deki akaninunia. Daraja wanapoachana, duka la maua wanapokutana, kanisa, mlango mwekundu wa kwa bwana harusi, vyote nikavichora. Kitambaa kilikuwa mita tatu, basi nikavipanga mtaa mmoja. Nimekitandika uani rangi ikauke, kuku wa jirani akakatiza katikati ya mbingu! Nilimrushia brashi, lakini nyayo zilishabaki.

Mteja wangu mkubwa alikuwa Gibson. Alikuwa anabeba magunia ya mahindi mpakani, lakini kwa kina Restuta, mchumba wake, kule Mbozi, alijitangaza yuko London anasoma. Alimpenda yule binti mno, akaona aibu kumtajia baba mkwe kazi yake. Kila mwezi anavaa koti langu la studio, leo darajani, kesho kanisani, keshokutwa mlango mwekundu eti ndiyo kwake, kisha barua na picha vinapelekwa Mbozi na dereva wa lori.

"Gibson, utaumbuka."

"Dada Enesi, wewe piga tu."

Mwezi wa sita akaingia mzee kupiga picha ya kitambulisho cha ushirika wa kahawa. Akalitazama pazia, akatoa picha mfukoni, akalitazama tena.

"Mwanangu, hizi alama za angani ni nini?"

"Nyayo za kuku wa jirani, baba."

"Mkwe wangu kaniandikia ni ndege wa Ulaya."

Jamani! Kumbe ndiye Mzee Rubeni, baba yake Restuta. Nikamweleza yote, magunia na koti. Alicheka mpaka akakaa kwenye stuli, halafu akaitazama tena ile picha.

"Binti yangu amekataa wachumba wawili kwa ajili ya huyu," akasema. Niliona haya mimi, utadhani nilichumbia mimi.

Akaomba koti. Akausogelea mlango mwekundu, akainua ngumi kama anayebisha hodi. "Piga."

Jumamosi Gibson akaja, zamu ya duka la maua. Ameshavaa koti, nikamkabidhi ile picha. Nyuma yake mzee alikuwa ameandika, siku ile ile nilipomaliza kuisafisha:

"Mkwe, nimefika kwako, nimebisha hodi, hukufungua. Restuta bado anakusubiri. Kahawa imeiva na wachumaji hawatoshi. Kama kweli unaweza kubeba magunia, njoo. Kama bado uko London, kaa huko huko."

Gibson alivua koti akanirushia usoni, mbio! Saa sita alikuwa London, saa tisa alikuwa shambani Mbozi.

Siku ya harusi walikuja kwangu. Nikawapanga darajani, Restuta akakataa. Akamvuta mumewe mkono, wakasimama chini ya nyayo za kuku.