Mfereji wa Waya

Injinia wa kampuni ya mtandao alikuja na karatasi moja na haraka nyingi. Aliitandaza juu ya boneti ya gari lake, mbele ya kibanda cha mitambo, akamwambia Nélida, mwenyekiti wa wafugaji wa alpaka, wanyama wa sufu, wa Pucacancha, "Mama mwenyekiti, saini hapa, mhuri hapa, tumalizane."

Nélida akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Jumuiya ya Pucacancha imepokea mtandao wa kasi.

"Nani kaupokea?"

"Si waya umepita kwenu?"

Umepita, ndiyo. Kilomita kumi na moja za mfereji walizichimba wenyewe, kaya zote, siku sita za kazi ya pamoja, wakitafuna majani ya koka ya kuondoa uchovu. Hakuna aliyedai maandishi. Huku juu, aliyechimba mfereji wa maji ana zamu yake ya maji. Wakadhani na waya ni vivyo hivyo. Waya ukapita chini ya viazi vyao, moja kwa moja hadi kwenye mgodi wa ng'ambo, bila kuachia nyumba yao hata moja.

Na leo saa sita mchana ndiyo mwisho wa kuomba kuwauzia sufu wanunuzi wa nje. Maombi ni kwa mtandao tu. Tangu alfajiri Nélida alikuwa mlimani, penye kamstari kamoja ka mawimbi ya simu. Fomu ikafika nusu, ikakatika. Mara nne. Kaya arobaini zilimngoja. Wakikosa huko, atabaki mlanguzi wa kila mwaka na mizani yake ya kupunja.

Injinia akashusha sauti. "Humu kibandani mtandao upo. Wewe saini, mimi nikutumie fomu yako sasa hivi."

"Na kesho?"

"Kesho mtaomba wizarani."

"Wizara itatazama karatasi hii, itasema tunao."

Injinia akacheka. "Mama, nchi inashindana na dunia nzima, wewe unashindana na karatasi?"

"Nchi gani hiyo?" akadakia Saturnina, jirani yake Nélida. "Hii iliyotuacha mlimani tumeinua simu juu kama tunaanika chupi?"

Ilikuwa saa sita kasoro dakika nane. Nélida akamgeukia. "Shoga, sufu yako ndiyo nyingi kuliko zetu zote. Sema wewe."

Saturnina akatema koka. "Mlanguzi ataniibia mwaka huu. Huyu anataka tuweke saini tusipate mtandao milele."

Nélida akachukua kalamu. Injinia akatabasamu, akaenda kufungua kufuli ya kibanda. Aliporudi alikuta neno "imepokea" limekatwa kwa mistari miwili, na juu yake, kwa herufi kubwa za darasa la sita: HAIJAPOKEA KITU. IMECHIMBA TU. Saini chini. Mhuri umekandamizwa hadi karatasi ikabonyea.

"Umefanya nini? Sina nakala nyingine!"

"Basi peleka hiyo hiyo."

Saa sita ikawakuta wamesimama pale pale. Injinia alikuwa anausugua wino kwa kidole, nao unazidi kutapakaa.