Masufuria ya Wakfu

Swali la Mheshimiwa Abdulswamad, mwenyekiti wa Halmashauri ya Mkunguni, lilikuwa jepesi, na mwanasheria Adila alilijibu kwa uongo mbele ya madiwani kumi na tisa.

"Mwanasheria, hizi milioni kumi na nane za gharama za kesi," aliuliza mwenyekiti, akiitikisa karatasi ya mahakama kama anayefukuza nzi, "palikuwa na njia yoyote ya kuziepuka?"

"Haikuwepo, Mheshimiwa."

Katibu akaandika. Halmashauri ilikuwa imeshindwa Mahakama Kuu, na mwenye kushindwa ndiye mlipaji: ujira wa wakili wa upande wa pili, nauli za mashahidi, ada za kufungulia shauri, vyote juu yake. Fungu la kulipia kushindwa halikuwemo kwenye bajeti, maana hakuna anayeandika bajeti akijua atashindwa. Wakaipekua ukurasa kwa ukurasa hadi wakaliona fungu la paa la wodi ya wazazi ya zahanati ya Mgogoni. Kuta zilikuwa zimeshapanda, bati tu ndizo zilizosubiriwa.

"Si ndiko anakotoka huyo bibi aliyetushitaki?" alisema diwani mmoja. "Basi ndo ale paa lake!"

Watu wakacheka, mikono ikanyooshwa. Rehani, diwani wa Mgogoni, peke yake hakunyoosha. Alitoka amefura, na kabla ya magharibi kijiji kizima kilikuwa kimeshaambiwa ni nani aliyelila paa.

Chanzo cha haya yote kilikuwa kipindupindu cha mwaka juzi. Madiwani walipitisha sheria ndogo: anayepikia watu zaidi ya hamsini akate kibali cha shilingi elfu thelathini, asiye nacho vyombo vyake vichukuliwe. Adila aliandika dokezo kwamba sheria ndogo haina nguvu mpaka iidhinishwe na waziri na itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Mwenyekiti akamuuliza, "Kwani kipindupindu kinasoma gazeti?" Ofisi nzima ikaangua kicheko, dokezo likalala kwenye faili.

Haikupita wiki mbili, mgambo wakaingia nyumbani kwa Bi Sada pale Mgogoni, siku ya hitma ya arobaini ya mumewe. Wali haujakauka maji. Wakaumwaga mchangani, wakapakia masufuria matatu makubwa na kuondoka, wafiwa wakiwatazama.

Laiti yangekuwa mali yake, Bi Sada angenyamaza, kwani mwanamke wa watu hana makuu. Lakini masufuria yale yalikuwa wakfu. Mama yake aliyaacha kwa ajili ya kijiji: mwenye harusi au msiba aazime, apike, asugue, arudishe. Kitu cha wakfu hakiuzwi, hakirithiwi, wala mtunzaji wake hana ruhusa ya kusema basi, yaacheni yaende. Ndipo alipopanda gari hadi Bagamoyo mjini kwa wakili Twalha, naye akaiandikia halmashauri notisi ya siku tisini kabla ya kuishitaki.

Ndani ya siku hizo tisini, Bi Sada alikuja ofisini kwa Adila. Alikuja peke yake, na mkoba wake wa ukili, akaketi ukingoni mwa kiti.

"Mwanangu, mie sitaki kesi," alisema. "Nirudishieni masufuria, na mwenyekiti aje msikitini siku moja ya Ijumaa, aseme tumekosa, tuwiane radhi. Wakili nitamwambia yameisha."

"Serikali haiombi radhi, mama," Adila alimjibu. "Kuomba radhi ni kukiri kosa."

Bi Sada akaaga kwa adabu, akaondoka. Adila hakumwambia mwenyekiti. Hakumwambia mtu yeyote, na hapo ndipo penye aibu yenyewe, kwa sababu hakuwa akiogopa kitu. Alikuwa akitamani. Ilikuwa kesi yake ya kwanza Mahakama Kuu, na alishaandaa pingamizi la awali aliloamini litaiua kesi kabla haijasikilizwa. Kila akiinua macho aliyaona masufuria yale nje ya stoo, moja limejaa maji ya mvua, akajiambia yatarudi akishashinda. Pingamizi lilitupwa asubuhi ya kwanza.

Siku mbili baada ya kile kikao cha kukata paa, mwenyekiti akamtuma Mgogoni. "Kamwangukie huyo bibi asamehe gharama. Nyie wanawake mnaelewana."

Alifika mchana. Kuta za wodi zilisimama wazi karibu na zahanati, majani yameshaota ndani kwenye vyumba. Uani kwa Bi Sada masufuria, yaliyorudi kwa amri ya mahakama, yalikuwa kibandani, yamefudikizwa, yana vumbi.

"Shikamoo, Bi Sada."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Adila akaeleza alichotumwa. Bi Sada alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza.

"Ingekuwa yangu ningesamehe leo hii," alisema. "Lakini Twalha kanisimamia mwaka mzima hakuchukua hata nauli. Tuliandikishana, mahakama ikitoa gharama ni zake. Nisamehe jasho la mwenzangu? Hiyo ni kama masufuria, mwanangu. Si yangu kuyasamehe."

Adila akageuka kuyatazama masufuria.

"Unayaona yalivyo?" Bi Sada aliendelea, akielekeza kidevu kibandani. "Juzi kulikuwa na harusi kwa Rehani. Wamekwenda kukodi masufuria Miono. Wamepita hapa hapa mlangoni, wakaniamkia, wakaenda zao. Eti nimekula paa. Binti yangu Jasmin ana mimba ya miezi saba, kisimani wanamwambia mama yako atakuzalisha juani."

Maneno aliyoyakataa mwaka mzima yakamtoka Adila yenyewe. "Naomba radhi, mama. Ulikuja kwangu, nikakurudisha. Sikumwambia mtu."

"Nimekuwia radhi, duniani na akhera," alisema Bi Sada, bila kusitasita. "Lakini radhi yangu haifiki kisimani."

Njia nzima ya kurudi Adila alilia, dereva akajifanya haoni.

Kikao kilichofuata cha baraza kilifunguliwa kwa dua, kisha wakaingia kwenye ajenda ya kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Ajenda hiyo huwa ya kusinzia. Ukurasa wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tano, Adila akasimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti, hapa pana kosa. Imeandikwa kwamba njia ya kuepuka gharama haikuwepo. Nilisema uongo. Njia ilikuwepo. Bi Sada wa Mgogoni alikuja ofisini kwangu kabla ya kesi kufunguliwa. Aliomba masufuria yarudi na halmashauri imwombe radhi, hakutaka hata senti moja. Nilimkatalia mimi, na sikuwaambia. Naomba iandikwe hivyo, na isomwe Mgogoni."

"Kaa chini, mwanasheria," alisema mwenyekiti.

"Nitakaa ikishaandikwa."

Katibu alimtazama mwenyekiti, akamtazama Rehani, ambaye alikuwa ameinuka nusu kwenye kiti chake. "Iandikwe," alisema Rehani. Katibu akaandika.

Barua ya kumsimamisha Adila kazi ilitoka kabla ya saa tisa alasiri.

Siku ya kumi na moja ya kusimamishwa, simu yake ililia. Alikuwa Bi Sada.

"Mwanangu, leo amekuja mke wa Rehani. Ana maulidi. Ameazima sufuria, moja tu, lile dogo kati ya yale matatu."

"Alhamdulillahi, mama." Adila alikaa kitandani, simu imemganda sikioni. "Na paa?"

"Mvua imeanza huku," alisema Bi Sada. "Jasmin tumeshampeleka Miono kwa shangazi yake, akasubirie huko."