Ramani ya Shaba

Watu walimwita Fundi Redio, ingawa miaka mingi ilikuwa imepita tangu mtu amletee redio. Siku hizi alitengeneza chaja, vikuza sauti na chochote chenye waya, na bodi za saketi alizichora mwenyewe. Zile za dukani, alisema, zimechorwa na mtu asiyejua wewe una shida gani.

Basi macho ya mkewe yalipoanza kuzimika, na daktari akasema wazi kwamba hayatafika mwisho wa mwaka, aliamua kumjengea nyumba kwa namna hiyohiyo. Milango isiyo na vizingiti, korido pana, swichi zote usawa wa kiuno. Kila mlango ungekuwa na bodi ndogo ya kutoa mlio wake mtu akipita, ili mama, kama alivyozoea kumwita mkewe, ajue yuko wapi bila kuuliza. Kuuliza ndiko kulikomchoma mkewe kuliko giza lenyewe. "Siku nitakayoshikwa mkono kupelekwa chooni," alikuwa akisema, "siku hiyo mnizike tu."

Mwashi alikuwa mdogo wa mkewe, mtu wa maneno machache na matofali yaliyonyooka. Kiwanja kilikuwa na mteremko, kwa hiyo jiko lilikaa chini, ngazi saba kutoka korido. Fundi Redio alipoziona ngazi zile, aliagiza papo hapo reli ya chuma ya kushikilia.

Ukuta ulipokuwa ukipanda, yeye alikuwa nyumbani na bodi zake. Alichapisha mchoro kwenye karatasi, akailaza kifudifudi juu ya bamba la shaba, akaikandamiza kwa pasi ya moto hadi wino uhamie. Kisha aliliingiza bamba kwenye tindikali, nayo ikala shaba yote isiyofunikwa na wino. Pasi ilikuwa ya mkewe. Mkewe alilalamika kwamba haoni tena, lakini anajua kabisa mashati yake yana madoa.

Hapo ndipo wazo likamjia, na lilimfurahisha kupita kiasi. Alichukua ramani ya nyumba, akaipiga pasi juu ya bamba kubwa, akaitia kwenye tindikali, halafu akapaka risasi ya kulehemu juu ya mistari ili kuta ziinuke na vidole vizisikie. Alimwekea mkewe mapajani nyumba nzima.

Kwa miezi mitatu mama alitembea humo kwa kidole cha shahada. "Natoka chumbani, hatua sita, nakata kulia, choo," alisema huku akila, huku akisukwa nywele. "Kushoto ngazi. Kushoto sigusi." Kufikia mwisho alikuwa akimtania mumewe kwamba nyumba anaijua kuliko yeye, na kwa nini wasubiri? Milio ya milango bado ilikuwa kwenye boksi, reli ilikuwa bado kwa mchomeleaji, lakini mama alishika hapohapo: wahamie. Walihamia.

Alimwingiza jioni, kwa mkono, katikati ya maboksi. Sebuleni mama alisimama. "Si tulipaswa kukata upande ule?"

Fundi Redio akacheka. "Umechoka, mama. Kesho utaizoea."

Mama akamfuata hadi kitandani. Alfajiri, mumewe akiwa bado anakoroma, mama aliondoka kitandani kimyakimya, akahesabu hatua sita, akakata kulia.

Hospitalini walisema nyonga imevunjika vibaya, na kusimama tena ni majaliwa. Fundi Redio alirudi nyumbani akiwa amewaka, akamkuta shemeji yake anafuta damu sakafuni jikoni, akammwagia yote. Reli iko wapi? Nani hujenga ngazi uchi kwenye nyumba ya kipofu? Maneno mengine aliyosema hayafai kurudiwa, hasa kwa mtu aliyepiga magoti anafuta damu ya dada yake.

Mwashi aliinuka. Aliosha mikono, akapanda juu, akalichukua lile bamba kitandani na kusimama nalo mlangoni pa chumba. Aliliangalia, akaangalia korido, akaliangalia tena.

"Shemeji," alisema, "hii siyo nyumba niliyojenga."

Choo cha kwenye bamba kilikuwa kulia. Choo cha kwenye korido kilikuwa kushoto, na ngazi zilikuwa kulia.

Fundi Redio alielewa kabla hajalishika. Kwenye bodi ya saketi shaba hukaa chini na vifaa hukaa juu. Mchoro unaupiga pasi vilevile ulivyo, unatoka kinyume, kulia kukiwa kushoto, na kinyume ndiyo sawa, kwa kuwa bodi utaitazama kwa upande wa pili. Miaka ishirini alikuwa amefanya hivyo bila kufikiri, na jicho lake lilizoea shaba iliyogeuka hadi likaiona kuwa imenyooka. Lakini ramani ya mama haikuwa na upande wa pili: vidole vyake viliisoma shaba yenyewe.

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka, ikabidi aende hospitali.

Mkewe alikuwa macho. "Nisamehe," alianza yeye, kabla mume hajakaa. "Nimewaharibia nyumba. Nilikata upande usio wenyewe. Nadhani na akili nayo inaniacha, kama macho. Mtafute mtu wa kunishika mkono, sitakataa tena."

Fundi Redio angeweza kunyamaza. Shemeji yake asingesema, alimjua. Aliuchukua mkono wa mkewe, akamweleza yote, pasi, shaba, kulia na kushoto.

Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo sikukosea."

"Hukukosea."

"Na jioni ile nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukacheka."

"Nilicheka, mama."

Vidole vya mama vilipapasa shuka, hatua sita, vikakata kulia. Kisha akautoa mkono wake mwingine mkononi mwa mumewe.

"Nikikuuliza tena," alisema, "nijibu."