Meza ya Mninga Kutoka Lituhi

Winifrida hakuwa mtu wa kununua kitu kwa kukitazama usoni tu. Alipoingia nyumbani kwa Bibi Gertruda kule Lituhi akaonyeshwa meza mbili, ile ya duara iliyong'aa kwa vanishi mpya aliipita kama hakuiona. Akapiga magoti kando ya ile ndefu, nyeusi kwa moshi na miaka, akaingiza kichwa chini yake.

"Unatafuta nini huko, mwanangu?" bibi aliuliza.

"Ugonjwa wake, bibi."

Akabonyeza mbao kwa ukucha. Mninga mtupu, haujabunguliwa hata tundu moja. Miguu haikuwa na msumari. Ilishikwa kwa pini za mbao. Upande wa chini palikuwa na herufi zilizochomwa kwa chuma cha moto, mwandiko wa kizamani wa Wajerumani. Bibi Gertruda alisema meza ilikuwa ya baba mkwe wake, aliyewapikia wamisionari enzi hizo, nao wakamwachia walipoondoka. Sasa yeye alikuwa anahamia Songea kwa binti yake, kwenye chumba kimoja cha kupanga.

Mwaka ule wa tisini na tano wanunuzi binafsi walikuwa wamefika mpaka kijijini kwake Matiri kugombea kahawa, na kila nyumba ilikuwa na kitu kipya: bati, baiskeli, makochi ya vitambaa vya maua. Winifrida alitaka kitu kitakachowazika wote.

"Naichukua hii," alisema.

Kwenye lori meza ilipakiwa miguu juu. Abiria mmoja aitwaye Protasi, dalali wa kahawa, akazifuata zile herufi kwa kidole.

"Mama, hii ni ya Mjerumani?"

"Ndivyo nilivyoambiwa."

"Na ukaichagua ukijua?"

"Nilichagua mbao, baba."

Protasi akacheka, lakini njia nzima ya kupanda milima macho yake hayakubanduka pale.

Haikupita wiki mbili, jirani yake Margareta alimjia shambani akiwa na uso wa msiba. "Dada, huko gulioni wanasema meza yako ina zebaki, ile inayouzwa kwa mamilioni. Eti Wajerumani walipokimbia vita waliificha ndani ya miguu ya meza, na redio ikiikaribia hunyamaza."

Winifrida akaangua kicheko.

"Usicheke. Umemsahau yule mzee wa cherehani ya zamani? Walisema hivyohivyo. Akakutwa amekufa migombani, na cherehani haipo."

Winifrida akaacha kucheka, akashika tena jembe.

Watu wawili walikuja Alhamisi alasiri, yeye na mumewe Othmar wakigeuza kahawa kwenye chanja. Walipiga hodi vizuri, wakaamkia vizuri, na adabu ile ndiyo iliyomtia Winifrida baridi. Mrefu alivaa koti la mvua, na jua linawaka. Mwenzake alibeba redio. Hawakungoja kukaribishwa. Waliingia sebuleni, redio ikiimba, wakaisogeza karibu na meza. Ikakoroma, ikanyamaza. Wakarudi nayo mlangoni, ikaimba. Wakaisogeza tena, ikanyamaza.

Wale watu wakatazamana.

"Ni bati hilo la paa," Othmar alisema. "Humu ndani hata redio yetu haishiki."

"Keshokutwa tunakuja na gari," alisema mrefu. "Mtapata cha kuwatosha. Msiiguse." Kisha, akiwa kizingitini, akauliza kama mtu anayeulizia habari za mvua: "Yule binti anayepita njia ya bondeni akienda shule, peke yake, ni wenu?"

Walipotokomea, Winifrida aligundua kwamba ameikamata meza kwa mikono yote miwili, na vidole havitaki kuachia.

Siku ya pili binti yao Recho hakwenda shule. Othmar alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akaambiwa angoje mpaka litokee jambo. Alirudi amenywea.

"Tuwape, Mama Recho. Meza ni mbao tu."

"Tukiwapa, wataivunja huko waendako. Wasipokuta kitu watasema tumekitoa sisi. Watamrudia nani?"

Othmar akainama. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Basi ivunjwe hapa," Winifrida alisema. "Kila mtu akiona."

Jumamosi asubuhi wanaume wanne waliibeba meza mpaka penye mzani wa kahawa, ambapo watu walikuwa wamejaa na magunia yao. Fundi Antoni akaja na patasi na nyundo yake ya mbao. Alikuwa ametoa mguu wa kwanza gari lilipofika. Yule mrefu akashuka, akapenya katikati ya watu mpaka mbele. Winifrida alimsikia akipumua begani kwake.

Mguu wa pili, wa tatu, wa nne. Antoni aligonga kila mmoja chini, akauinua watu waone. Vumbi, na mende mmoja mkavu. Uso wa meza ukageuzwa, ukagongwa kila pembe. Mninga mtupu.

Mrefu akaokota mguu mmoja. Akaunusa. Akaupima mkononi, akamkabidhi fundi.

"Pasua."

Antoni akamtazama Winifrida. Naye akaikaza kanga yake kiunoni.

"Pasua, fundi," alisema.

Ukapasuka toka juu hadi chini. Ndani ulikuwa mwekundu kama nyama, na mama mmoja akaruka nyuma akipiga ishara ya msalaba. Lakini ilikuwa rangi ya mbao tu. Mtu akacheka, wengine wakafuata, kicheko kikaenea mpaka kwa wapima kahawa. Mrefu hakucheka. Alimkazia macho Winifrida kwa muda uliomtosha kusali Salamu Maria nzima, akarudi garini. Gari likashuka kuelekea Mbinga, nalo halikuonekana tena Matiri.

Antoni aliiunga meza upya, akaipa mguu mmoja wa mkaratusi kwa kuwa mninga hakuwa nao. Recho alirudi shule, akisindikizwa na baba yake mwezi mzima. Winifrida alianza kulala usingizi, ingawa kila injini iliyonguruma bondeni ilimfanya asimame na kuhesabu pumzi mpaka ipite.

Msimu ulipokwisha, Margareta alikuja kumtembelea. Wakakaa mezani, wakala ugali na samaki mbasa, wakaongea ya watoto na ya mbolea iliyopanda bei. Margareta akanawa mikono, akachungulia nje kama kuna mtu, akamwinamia mwenzake.

"Sasa niambie mimi tu, dada yangu. Uliificha wapi?"

Winifrida alimtazama, akingoja tabasamu. Halikuja.

Kuanzia siku hiyo alifunga mlango wake kwa komeo hata mchana.