Picha ya Tumbo la Jovina

Akina mama wenzangu wenye mabinti wanaoona haya, hili limetokea nyumbani kwangu, hapa Kipawa. Mie niliishia la saba, naandika nilichokiona.

Binti yangu Jovina, yuko kidato cha kwanza, aliamka analia tumbo. Nikataka nimtazame, akajifunga kanga hadi kifuani, hataki. Nikampigia mdogo wangu Editha, ni nesi kule Masasi.

Akasema, "Dada, mkate mtoto kwa mawazo. Mstari wa kwanza utoke puani, upite kitovuni, ushuke: una kulia na kushoto. Wa pili uvuke kitovuni: juu na chini. Wa tatu upite mbavuni: mbele na mgongoni. Sasa, panauma wapi?"

"Mwenyewe hataki kuguswa."

"Basi ajipige picha, aweke alama kwa wanja."

Jovina akajifungia chumbani, akajipiga kwa kamera ya mbele, akamtumia. Editha akajibu: mbele, chini, kushoto. "Huenda ni choo kigumu. Mpe maji na papai. Ingekuwa kulia ningesema mkimbie hospitali."

Moyo ukatulia. Nikamenya papai, nikampelekea. Nikamkuta kajikunja, kashika tumbo upande wa kulia.

"Mbona huko? Mama mdogo kasema kushoto."

"Kwani tumbo langu au lake?"

Nikaomba simu. Kwenye ile picha, maandishi ya kanga aliyoishusha kiunoni yalikuwa yamegeuka, kama unayatazama kwenye kioo. Simu ilikuwa imehamisha upande. Nikampigia Editha, nikamweleza.

"Dada, asile hata hilo papai. Nendeni hospitali sasa hivi."

Tukakodi bajaji. Daktari alibonyeza kulia chini, Jovina akaruka. Kidole tumbo. Walimpasua siku hiyohiyo, wakaniambia kilikuwa kimevimba, bado kidogo kingepasukia ndani.

Editha alilia kwenye simu. "Nisamehe dada, niliisoma nilivyoiona." Sikumlaumu. Hata mie hiyo kushoto niliipokea haraka, maana ndiyo niliyokuwa naitaka.

Jovina sasa anatembea, anakula, ananijibu jeuri kama zamani, nashukuru Mungu.

Basi nawaambia nyie. Binti akiona haya, mwacheni na nguo zake, aweke tu mkono wake mwenyewe panapouma. Kulia ni kulia kwake yeye, si kwako unayemtazama. Na tumbo lisiloachia, msikae kusubiri jibu la simu, hata kama anayejibu mmezaliwa tumbo moja. Mpelekeni.