Wasifu Uliokamilika

Mara ya mwisho Kornel alipompiga mkewe, mwanangu Advera, kule Sikonge, alitumia ufito wa kuning'inizia tumbaku. Alimpigia ndani ya bani, mahali ambapo joto la kukaushia majani humfanya hata mtu asiyeguswa ashindwe kupumua. Alipochoka kumpiga mgongoni, alimkanyaga mkono wa kushoto hadi mfupa ukalia kama kuni kavu. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nami niliusikia mlio huo.

Tuliondoka siku ileile tukiwa juu ya lori lililobeba mapipa ya asali, mama na mtoto, na cherehani moja iliyofungwa kwenye kitenge. Kornel alisimama barabarani, akatupigia kelele mbele ya watu.

"Nendeni! Nitakupata, Advera. Na siku nitakayokupata sitauvunja huo mkono. Nitaukata!"

Watu walicheka, wakidhani ni maneno ya pombe. Mimi nilimwamini.

Tulikwenda Kwihara, kwa sababu hatukuwa na ndugu hata mmoja huko, na Kornel alikuwa anawajua ndugu zetu wote. Mjane mmoja wa Kimoravian, mama Agnetha, alitupa vyumba viwili vya uani kwake. Tulitupa laini zetu za simu. Kwa miezi minane hakuna mtu wa Sikonge aliyejua tulipo, na katika miezi hiyo mwanangu alianza tena kulala bila kuegemeza kinu mlangoni.

Ni katika miezi hiyo pia nilipojifunza kusoma. Kisomo cha watu wazima kilikuwa katika shule ya msingi, kila Jumanne na Alhamisi alasiri, na mwalimu wetu, Festo, alitufundisha kwa kutujazisha fomu: fomu za zahanati, fomu za chama cha ushirika, fomu za ubatizo. Alikuwa na sheria moja ambayo aliirudia hadi tukaiota. "Mwanafunzi wa kweli haachi kisanduku kitupu. Aliyeacha nafasi wazi amejinyima maksi mwenyewe." Mimi, ambaye kwa miaka arobaini na saba nilikuwa nikiweka dole gumba mahali pa jina, niliipenda sheria hiyo kuliko mkate.

Mkono wa Advera ulipounga, alitaka kazi ya kushona mjini Tabora. Aliogopa kuzunguka madukani akionekana na kila mtu, kwa hiyo alichagua tovuti moja ya kutafutia kazi. Tulikaa kwenye mkeka, simu ikiwa katikati yetu.

"Mama, picha sitaweka," alisema.

Lakini simu ilikataa kuendelea. Kila alipobonyeza, maandishi mekundu yalijitokeza: sehemu hii ni ya lazima. Akaweka picha. Ikataka jina kamili, akaliandika. Ikataka namba ya simu, akaiandika. Kisha mstari wa kijani ukatokea juu ya kioo, nao ukaonyesha kwamba wasifu wake umekamilika kwa asilimia sitini.

"Basi, inatosha," alisema Advera.

"Sitini? Sitini ni maksi za mtu mvivu."

"Mama, huu si mtihani bwana!"

"Kila karatasi inayouliza swali ni mtihani. Hebu soma hapo chini. Au ngoja, nitasoma mwenyewe." Nikasoma kwa sauti, silabi kwa silabi: "Wasifu uliokamilika huonwa na waajiri mara kumi zaidi." Nikamtazama. "Umesikia? Mara kumi."

Alicheka. "Haya, mwalimu Getruda. Endelea kunisahihisha."

Nami nikaendelea. Penye makazi alitaka kuandika Tabora tu, nikamkatalia. Nyumba za Kwihara hazina namba, kwa hiyo nilimtajia neno kwa neno, kama mtu anavyomwelekeza mgeni wa heshima: ukiifuata njia ya zamani ya misafara, pinda kushoto penye kanisa la Moravian, pita mashine ya kusaga ya Damas, nyumba ya tatu, zunguka uani, mlango wa bati la kijani. Penye muda wa kupatikana kwa usaili nilimwandikisha hivi: Jumanne na Alhamisi kuanzia saa tisa ninakuwa nyumbani peke yangu, mama akiwa kisomoni, hakuna usumbufu.

Mstari wa kijani ukafika mwisho. Asilimia mia. Nyota ndogo zikamwagika kwenye kioo, nasi tukapiga makofi kama watoto. Chini kabisa palikuwa na maandishi madogo kama nyayo za viroboto, na kisanduku cha kusema unakubali. Nilitaka kuyasoma. Nilifika mstari wa tatu, penye maneno "washirika wetu", macho yakauma. Tukakubali.

Wiki ya tatu alipiga simu mwanamke aliyejitambulisha kwa jina la Hetal, mwenye duka la vitambaa karibu na soko la Tabora. Alitaka kuona mshono wa Advera Alhamisi ile. Mwanangu bado aliuogopa mji, hivyo tulikubaliana nitangulie mimi, nilikague duka na watu wake. Nilichukua gauni alilolishona, nikachukua na simu yake ili Hetal aweze kunielekeza. Yeye akabaki na cherehani.

Hetal alikuwa mwanamke kijana, Mhindi wa kuzaliwa hapohapo Tabora, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Aliligeuza gauni nje ndani, akavuta uzi kwa kucha.

"Shikamoo tena, mama. Huyu ni fundi. Aje Jumatatu." Kisha akashusha sauti. "Lakini nikuulize kitu, usinichukie. Nani alimwandikia wasifu wake?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye niliyemsimamia," nilisema kwa majivuno.

Hakutabasamu. Aligeuza kompyuta yake, akanionyesha kile ambacho mwajiri hukiona. Uso wa mwanangu ulikuwa pale. Jina lake, namba yake, jina langu, kanisa, mashine ya Damas, mlango wa kijani, siku na saa za kuwa peke yake.

"Mimi sikumtafuta Advera," alisema. "Niliandika 'fundi cherehani', tovuti ikaniletea watu kumi na mmoja, na picha zao, na njia za kwenda kwao. Tangu siku hiyo inaniletea wengine kila asubuhi, hata sijaomba."

"Si ni kwa waajiri tu?"

"Mama, mwajiri ni nani? Mimi waliniuliza jina la duka na namba ya simu, basi. Hakuna aliyekuja kuangalia kama duka lipo. Kesho hata wewe unaweza kujiita mwajiri."

Nilimpa simu ya Advera, nikamwomba anifungulie mahali panapoonyesha waliomtazama. Majina yalikuwa machache. Duka la Hetal, mara mbili. Hoteli moja, mara moja. Na la tatu nililisoma mwenyewe, bila msaada, kwa wepesi ambao sijawahi kuupata darasani: Bani Bora, Sikonge. Mara thelathini na moja. Mara ya mwisho ilikuwa leo, saa sita mchana.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika kumi.

Nilimpigia mama Agnetha; simu iliita bila kupokelewa, kwa kuwa huwa haendi nayo shambani. Hetal alikuwa tayari anawapigia polisi. Nilitoka mbio, nikamkamata bega dereva wa kwanza wa bodaboda niliyemwona, kijana mmoja aitwaye Sadiki.

"Kwihara! Kimbiza!"

"Mama, kuna msiba?"

"Utakuwepo ukichelewa."

Hakuuliza tena. Aliitoa ile pikipiki roho.

Mashine ya Damas ilikuwa inanguruma. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mtoto wangu anaweza kupiga yowe mpaka koo lipasuke na hakuna atakayemsikia. Pikipiki ngeni ilikuwa imesimama penye ua, tairi zake zikiwa na udongo mwekundu. Mlango wa bati ulikuwa umening'inia kwenye bawaba moja.

Kornel alikuwa amempigisha magoti Advera mbele ya cherehani. Goti lake lilikuwa mgongoni mwa mwanangu, na ule mkono uliovunjika zamani alikuwa ameulaza juu ya meza ya cherehani. Panga lilikuwa limekwisha kushuka mara moja. Vidole viwili havikuwepo tena, na damu ilikuwa inatiririka juu ya kitambaa cheupe alichokuwa akikishona.

"Shikamoo, mama mkwe," alisema Kornel bila kugeuka. "Nimekuja kwenye usaili."

Sikumjibu. Mchi ulikuwa pembeni ya mlango. Niliushika kwa mikono miwili, nikampiga begani kwa nguvu zote za mwanamke aliyetwanga mahindi tangu utotoni. Panga likamponyoka. Akaniangukia, akanishika koo, akanigongesha kichwa ukutani mara moja, mara mbili, hadi udongo ukamwagika machoni mwangu. Nilimng'ata kidole gumba mpaka nikahisi mfupa. Alinitupa chini, akanipiga teke mbavuni, akainama kulichukua panga.

Advera alimtangulia. Kwa mkono wake mzima alikuwa ameshika mkasi wa kukatia vitambaa, akauzamisha kwenye paja la Kornel hadi kwenye vishikio, akauchomoa, akauzamisha tena. Kornel alilia kama fisi. Sadiki akaingia na kofia yake ya pikipiki, akamshushia nayo usoni, na meno yakaruka. Alipoanguka, nilimwendea na mchi, nikauvunja mguu wake. Ndiyo, niliuvunja nikijua ninachofanya.

Damas alikuwa amemwona Sadiki akiruka uzio, akazima mashine. Katika ukimya ule yowe langu likasikika hadi kanisani. Watu walijaa uani, wengine na majembe, wengine na mawe. Wakamburuta Kornel nje. Jiwe la kwanza lilimpata sikioni.

"Leteni petroli!" mtu alipaza sauti. "Toeni kwenye ile pikipiki yake!"

Kornel alikuwa chali, mdomo umejaa damu, lakini aliniangalia mimi na kucheka.

"Mnanipigia nini? Si mliniita wenyewe? Njia mliandika ninyi, siku mliandika ninyi, saa mliandika ninyi. Mimi nimefuata maandishi tu, mama mkwe. Hongera, umejua kusoma."

Nikauinua mchi juu ya kichwa chake. Watu wakanipisha. Nilimkusudia kifo, sitakana mbele ya mtu wala mbele ya Mungu. Lakini nilijua pia kwamba niliyetaka kumnyamazisha alikuwa ndani yangu, na kwamba hakuwa ndani ya kichwa cha Kornel.

"Mama." Advera alikuwa ameketi kizingitini, amekuwa mweupe midomoni. "Mama, damu haikatiki."

Niliutupa mchi. Nilichana kanga yangu, nikaufunga mkono wake juu ya kiwiko, nikakaza kwa kijiko cha mbao. Watu walikuwa bado wanabishana juu ya petroli, na Sadiki alikuwa katikati yao, ameshika jiwe.

"Sadiki!" nilimwita. "Chagua. Huyu afe au huyu apone. Pikipiki yako ni moja."

Alilidondosha jiwe. Damas na wanaume wawili walikimbia kutuinua, tukamweka Advera katikati yangu na dereva. Wengine, walipoona waliotangulia wamemwacha, wakamfunga Kornel kamba, na polisi wa Hetal wakamkuta hai.

Advera aliishi. Alipoteza vidole viwili na damu nyingi. Kornel yuko rumande, anatembelea magongo.

Hetal alikuja hospitali na chakula, akakaa saa nzima akijaribu kuufuta ule wasifu. Jibu lilirudi kutoka kwenye tovuti: ili ombi lishughulikiwe, mwombaji atume picha ya kitambulisho chake mbele na nyuma, picha mpya ya uso, na anwani yake ya sasa. Hetal alituma barua ya kwanza, ya pili na ya tatu bila vitu hivyo. Uso wa mwanangu uliendelea kuwepo. Siku ya kumi, tovuti nyingine kabisa, ambayo hatukuwahi kuifungua, ilimtumia Advera ujumbe ikimwita kwa jina na kumtaja Kwihara.

Siku ya kumi na mbili simu iliita. Alikuwa Ngollo, kaka yake Kornel.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mdogo wangu mmemfanya kiwete. Advera anarudi lini nyumbani? Tumefungua hapa, tunaona mlango wa kijani. Tumeupenda. Tunataka kuja kusalimia."

Mwanangu alikuwa kitandani, akinitazama usoni. Siku hiyohiyo, kabla jua halijashuka, Hetal alimwondoa kwa gari la jamaa yake, akampeleka kwa watu anaowaamini yeye. Mimi sikuuliza mahali. Nilimkataza Advera asiniambie, hata kwa kosa, hata siku nitakapougua. Alinikumbatia kwa mkono mmoja na hakutaka kuniachia. Ilibidi nimbandue kidole kimoja kimoja.

Kisha nilimpigia Ngollo mwenyewe.

"Njooni," nilimwambia. "Njia mnayo. Mlango wa kijani nimeutengeneza, nami sihami. Kila atakayefuata maandishi yale atanikuta mimi."

"Na Advera?"

"Hilo halijaandikwa popote."

Akakata simu. Niliingia ndani, nikakifua kile kitambaa cheupe kwa maji baridi na sabuni. Damu haikutoka yote. Nikakianika uani, nikaketi nikiangalia njia.