Kiota cha Uzi Usiooza

Katika Dola ya Matagaa, neno la mwisho juu ya nyumba lilikuwa la mke. Mume alisuka kiota kwa nyasi mbichi. Mke akaja, akaning'inia mlangoni, akakivuta mara tatu kwa nguvu zake zote. Kikilegea, alikikata kikaanguka chini kikaoze, na mume akaanza upya bila kununa. Hata Mfalme Tausi, aliyejaliwa mkia kuliko akili, hakuthubutu kuigusa desturi hiyo. Alifanya jambo baya zaidi: aliitumia.

Waziri Kunguru alirudi kutoka jalala la wanadamu na nyuzi za plastiki, za buluu, zinazong'aa. Akaziita Uzi wa Milele. Mbuga ya nyasi ikawekewa walinzi, na aliyesuka kwa nyasi akaitwa mshamba na adui wa maendeleo. Kisha Bi Mnana, ndege mdogo wa manjano aliyejulikana kwa kuvuta bila huruma, akaitwa uwanjani aujaribu uzi mbele ya ndege wote. Akavuta mara tatu. Uzi haukulegea hata chembe. Akaushangilia, masikini, na wake wote wakamfuata. Vizazi kwa vizazi walikuwa wamefundishwa kuuliza kama kiota kinashika. Hakuna aliyefundishwa kuuliza kama kinaachia.

Masika yalipokwisha, kifungua mimba wa Bi Mnana alisimama mlangoni mwa kiota cha buluu, akaruka. Hakufika popote. Uzi ulikuwa umemzunguka mguu tangu hajaota manyoya, ukazama nyamani, naye akabaki akining'inia kichwa chini, akilia. Nyasi Bi Mnana angezikata kwa pigo moja. Uzi aliutafuna mpaka mdomo ukatoka damu, wapi! Akamwacha mumewe amshikilie mtoto kwa chini, yeye akaruka kwenda ikulu. Huko alikuwako Kasuku, mlinzi wa mfalme, mwenye mdomo wa kupasua kokwa.

Akamkuta Mfalme barazani pamoja na wakuu wake. Akainama mpaka kifua kikagusa vumbi.

"Mtukufu Mfalme, naomba mdomo wa Kasuku kwa muda mfupi tu. Mwanangu anakufa."

Kunguru akakohoa. "Bibi, kuomba uzi ukatwe ni sawa na kusema una kasoro. Unadai una kasoro?"

"Nadai mguu wa mwanangu."

"Uzi wetu haujakatika hata mara moja. Labda mguu ndio haukufuata maelekezo."

Baraza likacheka. Kanga akapendekeza iundwe tume. Bata akaunga mkono, mradi wajumbe wapate chakula cha mchana.

"Tume yenu itamkuta maiti!"

"Punguza sauti, mama," Tausi alisema kwa upole. "Si wewe uliyeuvuta, ukausifu? Leo unataka kumwaibisha nani?"

Maneno yalimchoma, kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Akainamisha macho, na hapo ndipo alipoona. Nyuma ya kiti, chini ya mkia wa kifalme, mayai ya mfalme yalilala juu ya nyasi. Nyasi mbichi kutoka mbuga iliyofungwa, zenye umande bado.

"Mbona ya kwako hukuyalaza kwenye uzi?"

Mfalme akashusha mkia haraka.

"Nijibu! Kama ni mzuri hivyo, mbona si kwa wanao? Mlijua! Nyote mnaokula hapa mlijua!"

"Mtoe nje," Kunguru alimwamuru Kasuku.

Kasuku akayatazama mayai, akamtazama mama mwenye damu mdomoni. "Mkuki kwa nguruwe, siyo?" alimwambia Waziri. Kisha akamgeukia Bi Mnana. "Nionyeshe mti, dada yangu. Twende."

Aliukata uzi kwa mng'ato mmoja. Mtoto aliishi. Mguu ulikuwa umekufa zamani, ukabaki kwenye uzi.

Bi Mnana aliuchukua mguu ule, akazunguka nao mti kwa mti, akauweka mbele ya kila mama. Mwaka ule hakuna mke aliyetaga kwenye uzi, si kwa vitisho, si kwa kubembelezwa. Wake kwa waume walishuka mbugani kwa pamoja, na walinzi walipouona wingi wao, kila mmoja akakumbuka kwao. Tausi alikimbia kwa miguu, mkia ukizoa matope. Kunguru akarudi jalalani, kwake hasa.

Tausi amekufa siku nyingi, na ameoza. Uzi wake upo. Kila mwaka ukoo wa Kasuku huukata, na kila mwaka huukuta kwenye tawi jingine. Makinda wakiuliza nani aliamuru viota vile vya buluu, huambiwa ni mfalme. Wakiuliza kama naye aliishi humo, mama zao hutema mate chini.